Kilichoandikwa na Mmoja Hufutwa na Mmoja

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, yapo mambo matatu ambayo serikali yoyote ikiyagusa, hata mwananchi aliyekuwa amelala huamka. La kwanza ni dini yake. La pili ni hewa anayovuta na maji anayokunywa, na pamoja nayo kiwanda kinachomlipa mshahara. La tatu ni rangi ya ngozi yake, hasa pale rangi hiyo inapotumiwa kumpa au kumnyima nafasi ya kazi au ya masomo. Marekani imebishana juu ya mambo haya matatu kwa zaidi ya miaka sitini, na mpaka leo mabishano hayajaisha. Kwa kawaida huzungumzwa kila moja peke yake. Wiki hii tuyaweke pamoja, maana yakiwekwa pamoja yanatufundisha jambo ambalo hayasemi yakiwa mbalimbali.

Wengi wetu tunapofuatilia siasa za nchi ile huuliza chama gani kiko upande gani. Swali hilo lina nafasi yake, lakini halitufikishi mbali, kwa sababu vyama vyenyewe vimegeuka zaidi ya mara moja. Richard Nixon alikuwa Rais wa chama cha Republican. Ndiye aliyetia saini sheria kubwa ya hewa safi mwaka 1970, na ni serikali yake iliyowabana makandarasi wa miradi ya serikali mjini Philadelphia mwaka 1969 wajiwekee malengo ya kuajiri wafanyakazi weusi. Katika miaka ya karibuni chama hicho hicho ndicho kilichoongoza upinzani dhidi ya kanuni za mazingira na dhidi ya upendeleo wa rangi. Kwa hiyo tuulize swali jingine: uamuzi huu uliandikwa na nani, na ilihitajika mikono mingapi kuuandika?

Tuanze na dini. Katiba ya Marekani, katika Marekebisho yake ya Kwanza ya mwaka 1791, inasema Bunge la nchi, yaani Kongresi, halitatunga sheria ya kuweka dini rasmi, wala ya kuwazuia watu kufuata dini zao. Maneno hayo ni machache, lakini hayakumaliza ubishi. Yaliifunga Kongresi tu. Majimbo yalikuwa na yao, na jimbo la Massachusetts liliendelea kuyasaidia makanisa kwa kodi ya wananchi mpaka mwaka 1833. Hata katikati ya karne ya 20, watoto katika shule nyingi za serikali walianza siku kwa sala au kwa kusomewa Biblia, na wengi hawakuona ajabu yoyote.

Halmashauri ya elimu ya jimbo la New York ilitunga sala fupi, sentensi moja tu, isiyotaja dhehebu lolote. Mtoto asiyetaka aliruhusiwa kunyamaza au kutoka nje ya darasa. Familia tano za eneo la New Hyde Park zilikwenda mahakamani, na mwezi Juni 1962 Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 6 kwa 1 kwamba si kazi ya serikali kuwatungia watu sala. Mwaka uliofuata, kwa kura 8 kwa 1, mahakama hiyo ikakataza pia usomaji wa Biblia kama ibada ya shule.

Nchi ilishtuka. Waliokasirika walisema majaji wachache wamemfukuza Mungu darasani, na kwamba taifa linalochapa jina la Mungu kwenye fedha zake haliwezi kuogopa sentensi moja ya sala. Waliofurahi walijibu kuwa mtoto wa miaka minane akitolewa nje wenzake wakisali, ameshajulikana na wote kuwa si mwenzao, na kwamba serikali inayoweza kutunga sala nzuri leo inaweza kutunga sala mbaya kesho. Hoja zote mbili zina uzito, na mtu mwenye haki hawezi kuzipuuza.

Wapinzani wa uamuzi ule walijaribu kuibadili Katiba yenyewe. Rais Ronald Reagan alipendekeza marekebisho mwaka 1982, na mwezi Machi 1984 Seneti ilipiga kura. Maseneta 56 waliunga mkono, 44 wakapinga. Kwa desturi ya vikao vyetu vingi huo ni ushindi. Kwa Katiba ya Marekani ulikuwa ni kushindwa, maana zilihitajika kura 67, yaani theluthi mbili, na baada ya hapo idhini ya robo tatu ya majimbo. Wengi walitaka, lakini hawakuwa wengi wa kutosha.

Lakini majaji nao ni binadamu, na hubadilika viti vinapobadilika. Mwezi Juni 2022 Mahakama ya Juu, kwa kura 6 kwa 3, ilimpa ushindi kocha wa mpira wa shule ya serikali mjini Bremerton aliyekuwa akipiga goti na kusali katikati ya uwanja mara mchezo unapokwisha. Uamuzi wa 1962 haukufutwa, lakini kipimo kilichotumika kwa miaka mingi kupima mipaka ya dini na serikali kiliwekwa kando.

Sasa tuje kwenye moshi. Mwezi Oktoba 1948, katika mji mdogo wa Donora, Pennsylvania, hewa ilitulia juu ya bonde, na moshi wa viwanda vya chuma na zinki ukakosa pa kwenda. Kwa siku kadhaa mchana ulifanana na magharibi. Watu 20 walikufa na maelfu wakaugua. Miaka 21 baadaye, Juni 1969, mto Cuyahoga unaopita Cleveland ulishika moto. Ndiyo, msikilizaji, ulisikia vizuri: mto uliwaka, kwa mafuta na takataka zilizoelea juu yake. Tena haikuwa mara ya kwanza.

Aprili 22, 1970, watu wapatao milioni 20 walishiriki katika siku ya kutetea mazingira. Mwaka huo huo kilianzishwa chombo cha serikali cha kulinda mazingira, na Desemba 31 Nixon akaitia saini Sheria ya Hewa Safi, iliyoongozwa bungeni na Seneta Edmund Muskie wa Maine. Seneti ilikuwa imeipitisha kwa kura 73 bila hata moja ya kupinga. Mwaka 1972 ilipokuja sheria ya maji safi, Nixon aliikataa kwa sababu ya gharama. Kongresi ikaipitisha juu ya kichwa chake, kwa kura 52 kwa 12 katika Seneti na 247 kwa 23 katika Baraza la Wawakilishi.

Je, hakukuwa na wapinzani? Walikuwapo, na hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Sheria ya 1970 ilivitaka viwanda vya magari vipunguze baadhi ya moshi wenye sumu kwa asilimia 90 katika miaka michache. Wenye viwanda walisema haiwezekani. Wafanyakazi nao walihofia kwamba kanuni kali zingefunga viwanda, na baba wa familia hali hewa safi. Kongresi iliongeza muda zaidi ya mara moja, lakini sheria yenyewe haikuifuta. Kuanzia magari ya mwaka 1975, kifaa cha kusafisha moshi kilifungwa kwenye bomba la ekzosi. Petroli yenye madini ya risasi ikapigwa marufuku kabisa kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Kwa hesabu za serikali ya Marekani, uchafu wa aina sita kuu unaotupwa hewani umepungua kwa zaidi ya robo tatu tangu 1970, huku uchumi wa nchi ukikua mara kadhaa.

Jaribio la kuirudisha nyuma sheria hiyo lilikuja mapema. Mwaka 1981 Reagan alimteua Anne Gorsuch kuongoza chombo cha mazingira, naye akapunguza bajeti na kulegeza usimamizi. Lakini sheria ilikuwa imeshaandikwa, na wenye kuiandika walikuwa wangali bungeni. Desemba 1982 Baraza la Wawakilishi lilimwona ana hatia ya kulidharau kwa kukataa kutoa nyaraka, na Machi 1983 akajiuzulu. Ofisa mmoja alishindwa kukifuta kilichoandikwa na mamia.

Lakini tazama kilichotokea kwa yale ambayo Kongresi haikuyaandika wazi. Kuhusu gesi zinazoongeza joto la dunia, Kongresi ilijadili na kushindwa kuafikiana. Serikali ya Rais Barack Obama ikaamua kutumia sheria ya 1970 kutunga kanuni mpya kwa mitambo ya umeme mwaka 2015. Mwezi Februari 2016 Mahakama ya Juu ilizisimamisha kabla hazijaanza kazi. Serikali ya Donald Trump ikazifuta mwaka 2019. Mwezi Juni 2022 mahakama ikaamua kwamba mageuzi makubwa kiasi hicho yanahitaji ruhusa iliyo wazi ya Kongresi. Na mwaka 2024 ikaongeza kwamba majaji hawatakiwi tena kuufuata uelewa wa watumishi wa serikali pale sheria inapokuwa na utata. Katika jopo lililotoa hukumu hizo mbili za mwisho alikuwamo Jaji Neil Gorsuch, mtoto wa yule mama aliyejiuzulu 1983. Ndiye pia aliyeandika hukumu ya kocha wa Bremerton.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Mwezi Machi 1961 Rais John F. Kennedy alitoa amri kwamba makandarasi wa serikali wachukue hatua za makusudi ili watu waajiriwe bila kujali rangi. Mwezi Julai 1964, baada ya wapinzani kuzuia mjadala katika Seneti kwa wiki nyingi, Kongresi ilipitisha Sheria ya Haki za Raia iliyokataza ubaguzi kazini, hotelini na katika taasisi zinazopokea fedha za serikali. Lakini Rais Lyndon Johnson aliona kwamba kukataza ubaguzi hakutoshi. Katika hotuba yake Chuo Kikuu cha Howard, Juni 1965, alieleza kwamba huwezi kumchukua mtu aliyefungwa minyororo miaka mingi, ukamfungua, ukampeleka kwenye mstari wa mbio, halafu ukasema mashindano ni ya haki. Septemba mwaka huo akatoa amri yake namba 11246, na juu ya amri hiyo ukajengwa mfumo mkubwa wa hatua za makusudi za kuwainua weusi, na baadaye wanawake na wengineo, katika ajira za makandarasi wa serikali.

Vyuo vikuu navyo vikaanza kutenga au kupima nafasi kwa rangi. Chuo cha udaktari cha Davis, California, kilitenga nafasi 16 kati ya 100. Allan Bakke, mzungu aliyekataliwa mara mbili, alishitaki, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ikaamua apokewe. Ilikataza kutenga idadi maalum, lakini ikaruhusu rangi iwe jambo mojawapo linaloangaliwa. Mwaka 2003 mahakama ilishikilia msimamo huo kwa kura 5 kwa 4, na Jaji Sandra Day O'Connor akaandika kwamba anatarajia baada ya miaka 25 upendeleo huo hautahitajika tena. Miaka 25 haikufika. Juni 29, 2023, mahakama ilikataza rangi kutumika kupokea wanafunzi katika Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina.

Siku ile majaji wawili weusi waliandika maoni yanayopingana. Clarence Thomas alishikilia kuwa Katiba haioni rangi, na kwamba upendeleo huwabandika weusi alama ya kutoweza. Ketanji Brown Jackson alijibu kwamba kuifumbia macho rangi katika sheria hakuifuti katika maisha, maana pengo la mali na la afya kati ya weupe na weusi bado lipo. Wasomaji wa hapa kwetu wanaodhani weusi wote wa Marekani wana kauli moja wayasome maoni hayo mawili.

Na ile amri ya Johnson? Marais kumi waliomfuata, Trump mwenyewe katika kipindi chake cha kwanza akiwamo, hawakuifuta. Reagan alishauriwa aifute akaiacha. Ilidumu miaka 59 mpaka watu wakaidhania kuwa ni sheria. Januari 21, 2025, siku moja baada ya kuapishwa kwa mara ya pili, Trump aliifuta kwa saini yake. Hapakuwa na mjadala bungeni, wala hesabu ya kura, wala siku ya kusubiri. Kilichoandikwa na mmoja kilifutwa na mmoja. Ile Sheria ya Haki za Raia ya 1964, iliyotoka jasho katika Seneti, ingali pale. Tena wale wanaopinga upendeleo ndio wanaoishika leo kama silaha yao, wakisema inamlinda mzungu kama inavyomlinda mweusi.

Hapa ndipo penye fundisho, na pia penye uchungu wake. Kwa nini hewa safi ilipata sheria ya kura 73 kwa sifuri, na upendeleo wa kumwinua mweusi ukapata amri ya mtu mmoja? Je, waliokuwa wakiwatetea weusi hawakujua kuwa amri ni dhaifu? Walijua. Ila moshi hauchagui pua. Seneta wa kusini na wa kaskazini, tajiri na maskini, wote wana mapafu, na mto ukiwaka hauulizi kadi ya chama. Lakini hatua za kumwinua mweusi zilionekana na wengi kuwa zinachukua kwa Juma na kumpa Hamisi, na wenye kura nyingi walikuwa akina Juma. Kongresi isingezipitisha kwa uwazi. Kwa hiyo aliyehitaji ulinzi mkubwa kuliko wote ndiye aliyepewa karatasi nyepesi kuliko zote. Wahenga wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mtu anaweza kusema basi kila jambo lipelekwe bungeni likapigiwe kura. La hasha. Ile kesi ya sala inatuonya. Familia tano zisingeshinda kamwe kwa kura. Jirani zao wengi waliitaka sala. Imani ya mtu haistahili kuwekwa kwenye mizani ya wengi na wachache, na ndiyo maana iliandikwa katika Katiba, ambayo haibadiliki kwa maseneta 56. Bunge ni zuri kwa mambo yanayotuumiza sote. Katiba na mahakama ni kwa mambo ambayo wengi wanaweza kumwonea mmoja. Amri ya mkuu wa nchi ni ya kuanzishia safari. Anayeikalia kama nyumba atanyeshewa.

Swali hili si geni hapa Tanzania. Mwezi Oktoba 1961 Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia, na wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere aliwapinga kwa ukali na kuwaambia kuwa serikali yake ilikuwa tayari kujiuzulu. Muswada ukapita, na uraia usiotazama rangi ukawa sheria. Mwanzoni mwa Januari 1964, kwa njia ya waraka, alikomesha pia upendeleo wa rangi katika kuajiri na kupandisha vyeo watumishi wa serikali, uliokuwa umekusudiwa kuwainua Waafrika baada ya ukoloni. Kabla mwezi haujaisha askari wa Colito waliasi, na miongoni mwa madai yao ilikuwa ni kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Yeye pia alibanwa na swali lile lile la Johnson: utamfungua mtu minyororo, kisha umwambie akimbie sawa na wengine?

Baadaye tulipotaka kuwainua wanawake bungeni hatukutumia waraka. Viti maalum viliandikwa katika Katiba, na leo havipungui asilimia 30 ya idadi ya wabunge wengine. Wapo wanaovipenda na wapo wanaovilalamikia, nao wana haki ya kubishana. Lakini hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka asubuhi akavifuta kabla ya chai. Atakayetaka kuvifuta hana budi kusimama mbele ya wenzake, aseme sababu, kisha kura zihesabiwe.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, siku serikali itakapokutangazia neema, iwe ya ajira, ya afya ya mtaa wako ulio jirani na kiwanda, au ya uhuru wa kuabudu, usiishie kupiga makofi. Uliza imeandikwa wapi. Kama ni tamko la mkutano wa hadhara, jua ina uhai wa msemaji wake. Kama ni waraka, ina uhai wa waziri. Kama ni sheria, ina uhai wa Bunge zima. Na kama jambo lenyewe ni la wanyonge ambao wengi hawawapendi, basi usilale mpaka liwe kwenye Katiba, maana huko ndiko anayetaka kulifuta atakakohitaji mikono mingi kuliko yake.